Mgongo wa Shangazi Halia

Katika kila picha ya bendi yetu ya mtaa wa Kalihi, huku visiwani, utaona watu watano wanaocheka na mgongo mmoja. Mgongo ule ni wa shangazi yangu Halia. Si kwamba alikuwa na haya, hata chembe. Alikuwa anaficha nyuzi, akipiga huku ameuelekea ukuta. Kwetu kila mpiga gitaa ana namna yake ya kuzikaza na kuzilegeza, na siri hiyo haitoki nje ya nyumba. Shangazi alizidisha: hata ndani ya nyumba haikutoka. Akitaka kwenda chooni tu, alilegeza kwanza nyuzi zote sita.

Yeye ndiye wa kwanza kwetu kulitia umeme gitaa la mapajani, lile linalopigwa kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Alitoa sumaku kwenye simu mbovu, akaizungushia waya mwembamba, akaiunganisha na redio ya babu. Redio iliungua siku ya tatu, na babu hakusema naye mpaka Krismasi. Lakini magazeti yaliandika kwamba wa kwanza ni Kaipo, mpiga gitaa mwenzake, kwa sababu Kaipo aliitazama kamera. Mimi jambo hilo lilinichoma. Shangazi lilimchekesha.

Kilichoninyima raha zaidi ni vidole vyake. Mwaka mmoja vilianza kuvimba, na asubuhi nyingine hakuweza kushika kijiko. Miaka kumi na saba nilimwomba anionyeshe nyuzi zake, na miaka kumi na saba alinijibu, "Nohea, kapike wali." Niliogopa kwamba sauti ile ataondoka nayo.

Basi mtoto wa kaka yangu akatimiza mwaka, na kwetu mwaka wa kwanza hausherehekewi kinyonge. Nguruwe alifukiwa shimoni juu ya mawe ya moto tangu alfajiri, na uji wa magimbi ulijaa mabeseni. Kaipo akaja na gitaa jipya linalong'aa na shati la maua.

"Dada Halia! Bado unaupigia ukuta?"

"Ukuta hauibi, Kaipo."

Watu wakaangua kicheko, na Kaipo naye akacheka. Akakaa, akapiga wimbo ambao Shangazi aliutunga kwa ajili ya harusi yangu. Alipofika pale ambapo sauti hupanda na kuyeyuka, akakosea kama kawaida yake. Miaka ishirini alikuwa anapatafuta mahali pale kwa kubahatisha.

Safari hii watu walimwitikia. Wakubwa kwa wadogo wakaimba kosa lile lile, kwa raha zao, kama walivyolizoea kwa Kaipo redioni.

Shangazi akaacha kutafuna. "Nohea, wanaimba nini hawa?"

"Wimbo wako, Shangazi."

"Huo? Huo si wangu!"

"Ndio wanaoujua. Wako umeuficha." Nilikuwa na hasira na sikumhurumia. "Siku ukiacha kupiga, utabaki huo."

Alinitazama. Nikangoja kutumwa jikoni. Akainuka na gitaa lake kuukuu mpaka kwenye kiti chake kinachotazama ukuta, akakishika, akakigeuza.

Sasa alitutazama sisi.

"Nohea, njoo hapa mbele, usikae huko kama mgeni. Na wewe Kaipo, sogea."

"Mimi? Kweli?"

"Upesi, kabla sijaghairi."

Akakaza uzi mmoja mmoja, akinitajia sauti ya kila mmoja. Siri yote ilikuwa kwenye uzi wa pili: aliulegeza chini kuliko nilivyowahi kukisia. Kisha akapiga, na mahali pale sauti ikapanda, ikayeyuka, watu wakasahau kuimba.

Kaipo alijipiga paja. "Uzi mmoja tu? Miaka ishirini, Halia! Si ungeniambia?"

"Hukuuliza, ulichungulia. Na ungeuliza ningekunyima."

Alipomaliza aliniwekea gitaa mapajani, akaenda kula nguruwe. Nilingoja arudi kulegeza nyuzi. Hakurudi. Nikazigusa zote sita, zikalia vile vile alivyoziacha, nami nikalia mbele ya wageni wote.

Picha ya siku ile iko sebuleni kwangu. Shangazi anaitazama kamera, anacheka mdomo wazi. Mbele yake kuna mgongo mpana wenye maua, umeinamia nyuzi. Watu wakiuliza ni wa nani, nawaambia ni Kaipo, yule wa kwanza wa magazetini.