Dawa ya Shingoni

Hirizi ya Tumaini ilinuka kabla mtoto mwenyewe hajaonekana. Ile ngozi ya mbuzi ilikuwa imekunywa jasho la homa, maziwa yaliyocheuliwa na mvua ya Mgeta, mpaka ikavimba kama kupe aliyeshiba. Kwenye benchi la zahanati watu walimpisha mama yake, Winfrida, wakamwachia nafasi ambayo hata padri hapewi.

"Mama Tumaini, si uivue?" alisema Rosa, jirani yake, pua kaiziba kwa khanga.

"Mjomba kakataza. Ikifunguliwa, nguvu inatoka."

"Mbona inayotoka ni harufu?"

Benchi zima likacheka. Winfrida hakucheka. Mtoto alikuwa hanyonyi tena. Kwao Uluguruni mtoto ni wa ukoo wa mama, na ukoo una mdomo mmoja: wa mjomba Stephano. Ndiye aliyempeleka Tumaini kwa mganga, Mzee Mosi. Na Jumapili ndiye huyo huyo anayepitisha kikapu cha sadaka kanisani. Mungu na Mosi hawajawahi kugombana mbele yake. Leo ameshuka na lori la kabichi kwenda Dar, ndipo Winfrida akapata upenyo wa kuja hapa kwa kujiiba.

Leonard, aliyeketi mezani mbele ya benchi, alikuwa mgawa dawa tu. Lakini tangu biashara iwe huria, daktari alihamia mjini kufungua hospitali yake, koti jeupe likabaki linaning'inia msumarini, na Leonard akaingia ndani yake.

"Shikamoo, daktari," Winfrida aliamkia, japo umri wao mmoja.

"Marahaba. Malaria hiyo." Hakuwa amemgusa mtoto. "Dawa hakuna, serikali haijaleta. Vuka barabara, dukani kwa mke wangu zipo."

"Sina kitu, daktari."

"Cha kumpa mganga mlikuwa nacho!" Akachukua mkasi, akaiinua hirizi kwa ncha kama aokotaye panya mfu. "Haya, wananchi, tuone mizizi ya mababu inasemaje!"

"Daktari, mjomba atanifukuza..."

Mkasi ukalia. Mizizi haikutoka. Vilidondoka vidonge vyeupe, kingo zimelainika, kila kimoja na chapa ya serikali.

Benchi zima likanyoosha shingo.

"Kumbe dawa ipo," alisema Rosa. "Ilikuwa inavaliwa."

Leonard alivifunika kwa kiganja. "We mwanamke, mali ya serikali umeiba wapi?"

"Kaweka Mzee Mosi. Alisema kaongeza nguvu ya hospitali. Na pikipiki yako, daktari, siku ile anaishona ilikuwa uani kwake..."

"Nani kakuuliza habari za pikipiki? Nimwite mgambo? Au nimwambie mjomba wako umeikata hirizi?"

"Si umeikata wewe?"

"Atamwamini nani?"

Winfrida alimtazama Rosa. Rosa alitazama sakafu. Naye alikuwa na wajukuu, na zahanati ni hii moja.

"Basi nipe kimoja tu, baba yangu. Vilikuwa vya mtoto."

"Huu ni ushahidi." Leonard akavipangusa kimoja kimoja kwa pindo la koti, akavitumbukiza kwenye chupa yenye vingine, akaitikisa vichanganyike. "Anayefuata!"

Mezani ilibaki ile ngozi, imeachama kama mdomo. Ndani yake vidonge vilivyoyeyuka vilikuwa vimeganda, uji wa kijivu wenye mafuta na manyoya ya mbuzi. Winfrida akaukomba kwa kidole, akamfumbua Tumaini mdomo, akampaka ulimini.

"Toba!" mtu akaguna kwenye benchi, akatema mate. "Mama gani huyu? Anamlisha mtoto uchafu!"

Uchungu ulimkunja Tumaini uso mzima. Akakakamaa, akataka kutapika. Mama yake akamziba mdomo kwa kiganja, akakandamiza, akasubiri ameze.