Jozi ya Kumi na Moja

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumanne ya pili ya Novemba, Notburga Santer alivua viatu vyake mbele ya kaunta ya duka langu la viatu vya ski na kuweka mguu wa kulia juu ya ubao wa kupimia. Sentimita ishirini na nne na milimita tatu. Wa kushoto ulipungua milimita mbili. Niliandika.

Nilimfahamu tangu tulipobatizwa. Mwaka wa sitini na tatu walizaliwa wasichana kumi na mmoja hapa Innergrub, kijiji chetu cha bondeni, na kwetu waliozaliwa mwaka mmoja huhesabiana kama ndugu: huchangiana shada la mazishi, hubebeana jeneza, na kila mwaka, Alhamisi ya mwisho kabla ya Kwaresima, wanawake wa mwaka mmoja hupanda mlimani, hushuka kwenye theluji kwa ski, zile mbao ndefu za kufunga viatuni, hadi mgahawa wa juu, na hula pamoja mchana. Sisi tulikuwa tukienda kumi. Wa kumi na moja, Notburga, alikuwa jikoni, anatupikia. Alifanya hivyo kwa majira ya baridi thelathini na manane.

Hakuna aliyemfungia mlango. Kwao kulikuwa na watoto saba na jozi mbili za ski, na jozi hizo walipewa kaka zake. Baadaye akaajiriwa mgahawani, na mpishi wa mlimani hana mapumziko kuanzia Desemba hadi Pasaka. Theluji ni ya wageni. Alikuwa amestaafu Aprili iliyopita, na mwaka uliokuwa unakuja tungetimiza sitini.

"Nataka kuingia kwa mlango wa mbele," alisema, "nimevaa viatu kama nyinyi. Mara moja tu, Hedi. Halafu hata mkinizika Ijumaa, sina neno."

Nilimjibu kwamba hadi Alhamisi hiyo zilibaki wiki kumi na nne na siku mbili, kwamba namjua mwalimu wa ski aliye mvumilivu kwa watu wazima, na kwamba bila viatu sahihi asijisumbue kuanza.

Akatoa kwenye mkoba jozi mbili za soksi nene za sufi, alizofuma mwenyewe, akaanza kuzivaa moja juu ya nyingine. Wifi yake Waltraud, mmoja wa wale kumi, alikuwa amemshauri achukue namba ishirini na sita, yaani ya sentimita ishirini na sita, ili mguu upate nafasi. Sikushangaa. Watu wa rika letu wote walijifunza kwa viatu vya kurithi, vikubwa kwa namba mbili au tatu, vilivyojazwa soksi na magazeti. Bondeni kwetu mtu akikwambia kiatu chake kinamkaa vizuri, mara nyingi ana maana kwamba kinapwaya. Waltraud ameteleza hivyo miaka hamsini. Magoti yake yameshapasuliwa mara mbili.

Nilimpa jozi moja ya soksi, nyembamba kama za kanisani. Aliikunjua na kuitazama kwenye mwanga.

"Hii ndiyo ya kuendea kwenye barafu? Unataka nife kwa nimonia?"

Nilimweleza kwamba ndani ya soksi nene damu hubanwa na mguu hupoa upesi zaidi. Akasema amepika supu miaka yote hiyo bila kuelezwa habari za damu. Lakini akaivaa.

Kiatu cha ski ni gamba gumu la plastiki lenye kiatu laini ndani yake; nilitoa hicho cha ndani, nikamwambia aingize mguu katika gamba tupu na kuusogeza mbele hadi vidole viguse. Nyuma ya kisigino, katika namba ishirini na sita, vidole vyangu vitatu viliingia na nafasi ikabaki. Katika ishirini na nne na nusu viliingia viwili, kwa shida. Hiyo ndiyo ilikuwa namba yake.

Halafu nikapima vifundo vya miguu. Cha kulia kilikunjika vizuri. Cha kushoto kiligoma mapema. Alikivunja kwenye ngazi za jikoni mwaka wa tisini na nane, na hakikunyooshwa sawasawa. Nilichonga kabari ya milimita nane nikaiweka chini ya kisigino hicho, nikarudisha viatu vya ndani, nikafunga bizimu, vile vifungo vya chuma, nne kwa kila kiatu.

Alisimama. Uso ukabadilika.

"Vidole vinagonga mbele. Vyote."

Nikamwambia asubiri. Hakusubiri. Alikaa, akainama, akaanza kuvuta bizimu ya juu kwa vidole ambavyo nimeviona vikishika sufuria ya moto bila kitambaa.

"Basi, shoga yangu. Nimejaribu. Mguu wa mpishi ni mguu wa mpishi."

"Burgi," nikamwambia kwa jina lake la utotoni, "hujajaribu. Umesimama wima kama mtu anayesubiri basi. Nani anateleza hivyo? Simama, piga kisigino chini, kunja magoti, egemeza muundi mbele. Kisha uniambie vidole viko wapi."

Akasimama. Akapiga kisigino mara mbili, akakunja magoti.

"Vimerudi nyuma," alisema.

"Vinagusa?"

"Havigusi. Kisigino kimekaa. Hakitoki."

Nilimtaka akae na viatu hivyo miguuni robo saa, atembee dukani, na aniambie palipo na maumivu, si palipobana. Sakafu yangu ni ya mbao. Alikwenda hadi dirishani, akarudi, akasimama katikati. Akapiga hatua tatu, akasimama tena. Nilimuuliza kama kuna mahali panamuuma.

"Nasikiliza viatu," alisema.

Jiko la mgahawa wa juu liko chini ya ukumbi. Alisema alipokuwa humo alitujua sote kwa viatu vyetu kabla ya sahani kuagizwa. Waltraud huburuta mguu wa kulia. Mimi hupiga chini mara tatu kukung'uta theluji, ingawa mlangoni pana zulia. Kila mwaka alihesabu wanaoingia hadi kumi, ndipo alipotia matonge ya jibini kwenye supu.

"Cha kwangu kinaliaje?" aliuliza. "Mwenyewe sijui kukisikia."

Nilisikiliza huku akitembea. Nikamwambia ukweli: hatua moja nzito, moja nyepesi, na ile nyepesi inachelewa kidogo, kwa sababu ya kifundo.

"Nzito, nyepesi," alirudia. Akatembea tena hadi dirishani.

Maumivu yalikuwa mahali pamoja tu, kwenye mfupa uliochomoza kando ya kidole gumba cha mguu wa kulia. Nilipasha gamba moto na kulisukuma nje kwa milimita nne. Alikuja kuvichukua viatu Ijumaa.

Mwalimu aliniletea habari zake. Kufikia Krismasi alikuwa anaweza kusimama anapotaka. Januari alianguka, akapumzika siku tisa, akarudi. Hakuna siku aliyolalamikia viatu.

Alhamisi yenyewe, tulianza kushuka kutoka kituo cha juu cha gari la kamba saa tano na nusu, sote kumi na mmoja. Burgi alitwambia tusimsubiri, na alisema kwa namna ambayo tulimtii. Sisi kumi tulifika mgahawani saa sita kasorobo. Mpishi mpya alituma mtu kuuliza kama atie matonge. Waltraud akajibu bado.

Saa sita ilipita. Ukumbi ulikuwa umejaa wageni, na tuliwaomba wa meza ya jirani wapunguze sauti. Saa sita na dakika ishirini na tano tulisikia viatu kwenye mbao za baraza: nzito, kisha nyepesi iliyochelewa kidogo. Mlango wa mbele ukafunguliwa.