Programu ya Wageni wa Kilwa

Mume wangu Symphorien alipoiona karatasi niliyobandika ukutani, aliuliza kama anayekuja ni waziri au ni Mwansa na Joëlle. Nilikuwa nimeiandika wiki nzima, tena kwa wino wa rangi mbili, na sikuwa na nafasi ya mzaha.

Jumanne, kufika na kula. Jumatano, bustani ya wanyama, kwa sababu Joëlle alitaka kumwona simba. Alhamisi, katedrali, picha kwenye uwanja wa Place de la Poste, halafu aiskrimu. Ijumaa, saluni asubuhi, ziwa la Kipopo mchana.

“Mama Princesse,” Symphorien akaniita kwa jina la binti yetu, “bantu ba ziwa Moero unabapeleka kuona mayi?”

Nikaifuta Kipopo, nikaandika makumbusho. Alikuwa amesema kweli, na hilo liliniudhi zaidi.

Mwansa, Joëlle na mimi tulikulia Kilwa, kando ya ziwa Moero, katika nyumba tatu zilizopakana, na sote watatu tulikula kwa mama yangu. Mimi niliolewa huku Lubumbashi, nikaanza kazi ya kushona nguo mtaa wa Kampemba. Wao walibaki kule ziwani, na mji huu hawakuwahi kuukanyaga. Mama alipougua nilimleta kwangu. Mwezi wa pili mwaka huu akafariki.

Kilio kilikaa siku tatu kwenye uwanja wetu. Watu walijaa: wanakwaya, majirani, wateja wangu, ndugu wa Symphorien. Mimi macho yangu yalikuwa mlangoni. Kila gari liliposimama nje nilisema moyoni, ndio hao. Hawakuja. Joëlle alituma ujumbe wa kunipa moyo, maneno matatu: “Courage. Tutakuya. Tunakulilia.” Mwansa hata hayo matatu hakuyatuma. Mimi sikuuliza, nao hawakusema, tukaendelea kupigiana simu na kuongea habari za samaki na za watoto kama watu wasiofiwa.

Kwa hiyo Mwansa aliponiambia kwamba wanataka kuja kuona mji, walau mara moja kabla ya uzee, nilimkaribisha kwa sauti ya furaha huku kinyongo kikiwa palepale. Nilikuwa nimekata shauri. Nitawatembeza, nitawashibisha, nitawasindikiza hadi kwenye camion, lori la kuwarudisha Kilwa, na hapo urafiki wetu utakuwa umekwisha, bila ugomvi na bila kelele. Ndiyo maana kila saa ya karatasi ile niliijaza. Sikutaka ibaki nafasi ya mtu kumtaja Mama.

Joëlle alinipigia mara nne kuhusu programu. Simba anakula saa ngapi? Katedrali inaingiwa na viatu gani? Mara ya mwisho aliomba siku ya kwanza iachwe wazi, kwa sababu watachoka na njia. Nilimwambia kama ni kuchoka anaweza kuchoka hukohuko Kilwa.

Jumanne ikafika. Saa sita mchana meza ilikuwa tayari: bukari, ugali wetu, chini ya kitambaa, kuku mzima, sombe ya majani ya muhogo, na chupa za sukari, soda zinazotoa jasho kwa ubaridi. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya. Nilitaka wanione nimestawi.

Sikusikia hodi. Nilisikia ukelele, kisha wa pili juu yake, na majirani wakaanza kutoka nje. Mwansa na Joëlle waliingia uwanjani wameshika viatu mkononi, vitenge vimefungwa kiunoni, vumbi la siku mbili usoni. Walilia kwa sauti ile ya Kilwa ambayo sikuwa nimeisikia tangu utotoni. Wakanipita, wakaipita meza, wakaketi chini kwenye saruji.

“Mama Alexis,” Mwansa alilia. “Mama Alexis, umetuachia nani?”

Alexis ni kaka yangu, kifungua mimba wa Mama, aliyekufa kwa surua mimi sijazaliwa bado. Kilwa nzima iliendelea kumwita Mama kwa jina la mtoto huyo maisha yake yote. Huku mjini hakuna aliyelijua. Huku alikuwa mama yake Delphine, yaani mimi, au jina la ubatizo lililoandikwa msalabani. Kwa siku zote tatu za kilio, kati ya watu wote wale, hakuna hata mmoja aliyemlilia kwa jina lake.

Lakini mimi ni mtu wa hasira, na hasira ilitangulia.

“Kilio ilishakwisha,” nikasema nikiwa nimesimama juu yao. “Siku tatu nilikuwa naangalia mulango, Mwansa. Siku tatu. Bantu bote balikuya, banyinyi tu hamukukuya.”

“Tunajua,” Mwansa akasema. Alijifuta uso kwa pindo la kitenge. “Siku ile tulisikia, siku ile tulipanda camion. Mvua ilikuwa imebeba daraja. Tulilala ku njia siku ine, tunangoja mayi ipungue. Joëlle alitaka kuvuka na miguu, bantu bakamukamata. Kisha bakatuambia balisha kumuzika. Njo tukarudia ku Kilwa.”

Nilimtazama Joëlle, huyu mwoga ambaye utotoni alikuwa haingii ziwani kupita magoti. Aliinamisha kichwa.

“Na haukuniambia? Miezi yote hii?”

“Nikuambie na telefone eti daraja ilivunjika?” Joëlle akasema. “Ile ni sababu ya mutu mwenye kuchelewa ku masomo. Ku kilio ya mama, bantu banakuyaka na miguu yabo. Tulingoja njia ikauke.”

“Na programu? Na simba?”

Walitazamana.

“Kama tungesema tunakuya kulia,” Mwansa akasema polepole, “ungetuambia hapana, kilio ilishakwisha. Tunakujua, weye.”

“Lakini simba nataka kumuona kweli,” Joëlle akaongeza.

Nilitaka kucheka, kikatoka kitu kingine. Mwezi wa pili sikulia. Sikupata muda. Mwenye kilio anapokea watu, anaangalia kama viti vinatosha, anauliza padri atafika saa ngapi, anawanyamazisha wengine. Sasa niliketi kwenye saruji na kitenge changu kipya, Mwansa akanivuta kichwa akakiweka mapajani mwake, na mimi mwanamke wa miaka arobaini na sita nikalia kama mtoto aliyefiwa na mama, kwa kuwa ndivyo nilivyokuwa. Niliwapenda mno wale wawili saa ile. Niliona aibu kwa mwisho niliokuwa nimewapangia.

Symphorien alileta maji wakanawa uso na miguu. Tulikula kuku aliyepoa, wote chini, na hakuna aliyegusa viti.

Kesho yake asubuhi bustani ya wanyama ilisubiri. Tulikwenda makaburini. Joëlle alipiga magoti akampa Mama habari zote za Kilwa kwa mpangilio: nani ameolewa, nani amezaa, mwembe wa nani umekatwa, kanisa limepata bati jipya. Alimwambia kwamba mimi nimenenepa, kwamba bado ni mkali, na kwamba asiwe na wasiwasi. Mwansa aling'oa majani yaliyozunguka msalaba, akayaweka pembeni.

Kisha wakasogea nyuma hatua moja, wakanipa nafasi. Tangu tumzike nilikuwa nafika hapo kila mwezi, nafagia, nasali, naondoka, na neno langu mwenyewe sikuwahi kumwambia.

“Mama,” nikasema. “Batoto bako ba Kilwa bamefika.”

Nilikuwa na mengine ya kusema, lakini machozi yalinitangulia. Mwansa akanishika mkono, akaendelea badala yangu: “Mama Alexis, batoto bako bote batatu tuko hapa.”