Kikohozi cha Paschal

Tangu biashara ziwe ruksa, Mwalimu Mkuu Laurian alihamia Utemini mjini kuuza mitumba, na shule yake ya watoto wa Kihadzabe, huko Mkalama, akawa anaiongoza kwa redio ya upepo. Kila Jumanne Mwalimu Dorkas, aliyeachiwa madarasa yote peke yake, alikwenda zahanati ya misheni jirani na shule, kwenye hiyo redio, kupokea amri. Mambo ya kushauriana hayakuwepo. Bwana mkubwa akisema, unaitikia, basi.

Jumanne hii alisita kushika kipaza sauti. Madawati yalikuwa matupu. Msimu wa asali ulikuwa umefika, wazazi wamehamia porini, na yeye mwenyewe ndiye aliyewaruhusu watoto wawafuate, wakamwahidi kurudi Jumatatu. Mwaka uliopita Laurian alituma mgambo wawakamate. Familia zikahama zote, shule ikakaa miezi bila mtoto hata mmoja. Safari hii wakikimbizwa, hawatarudi tena.

"Watoto wapo? Ova."

"Wapo wote, Mwalimu Mkuu. Ova." Uongo ulimtoka wenyewe, kwa woga tu.

"Mimi nimesikia vingine. Waite hapo waniamkie, niwasikie. La sivyo kesho mgambo wanaingia porini, na wewe ufungashe mizigo yako. Ova."

Nesi Agripina, aliyesikia yote, akawageukia wagonjwa waliokuwa kwenye benchi, kina mama tu na mzee mmoja mgonjwa wa kifua, akawapungia mkono wasogee.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu!" waliamkia kwa sauti nyembamba kama za watoto, mpaka mzee naye, ila yeye kikohozi kilimkatiza njiani.

"Nani huyo anakohoa?"

"Paschal," Dorkas alisema, jina la kwanza lililomjia. "Wa darasa la pili."

"Mpeni dawa. Jumatatu nakuja kuwaona mwenyewe. Ova."

Toka hapo Dorkas alihesabu siku. Aliogopa watoto wasirudi, na aliogopa wakirudi, maana shule nzima haikuwa na Paschal.

Jumatatu asubuhi walirudi wote, wananuka moshi na asali. Alitaka kulia kwa furaha. Kabla hajawaambia neno, gari la Laurian likaingia uwanjani.

Mwalimu Mkuu akapita mbele ya mstari, shati lake jipya limenyooshwa vizuri.

"Paschal yuko wapi? Yule wa kikohozi."

Akilini Dorkas aliwaona mgambo, akaona na madawati matupu. Laurian akamgeukia, macho yamemtoka. Hakuna mtoto aliyejua Paschal ni nani. Walichokiona ni mwalimu wao anatetemeka.

Binti mdogo wa mbele akakohoa. Wa pembeni yake naye akakohoa. Mara mstari mzima ukawa unakohoa.

Laurian akarudi nyuma, leso puani.

"Mwalimu, ina maana hawa wote…?"

"Ndiyo, Mwalimu Mkuu."

Alikuwa ameshaufungua mlango wa gari. "Tutaongea kwenye redio," alisema.