Bega la Kulia la Olow

Olow hakuweza kuinua mkono wa kulia, na mwaka ule wa sitini na saba mkono wa kulia ndio uliokuwa unahesabiwa. Serikali ilikuwa imewakusanya wafugaji ndani ya ua wa seng'enge nje ya Modogashe ili wasiwalishe wapiganaji wa msituni. Kila asubuhi wanaume walipangwa mistari, koplo akaita majina, na kila aliyeitwa alitakiwa anyooshe mkono huo juu. Olow, mzee wa miaka sitini na kitu, alikuwa na baridi yabisi iliyomkaa begani mwaka wa pili sasa, basi akanyoosha wa kushoto. Jumatatu alifokewa. Jumanne alipigwa kofi mbele ya wakwe zake. Jumatano koplo akamwambia kwamba mtu anayeinyima serikali mkono ana sababu yake, na sababu hiyo itatafutwa.

Mkewe Arbia aliyasikia hayo kutoka upande wa wanawake. Bega lile alilijua kuliko mwenye nalo. Alijua linavyokaza alfajiri na kulegea jua likipanda, na jinsi mchuzi moto wa ngamia unavyolituliza kwa nusu siku. Angeulizwa angeeleza. Lakini katika ua ule nani alikuwa na shida ya kumuuliza mwanamke jambo lolote?

Zamani walikuwa wanaliweza. Arbia aliyeyusha mafuta ya mkia wa kondoo, akayachanganya na habasoda iliyopondwa, akamkanda mumewe hadi jasho likamtoka yeye mkandaji. Asubuhi alimlambisha habasoda kwa asali. Kuponya hayakuponya, mtu asidanganywe, ila Olow aliweza kuvuta kamba ya kisima. Sasa kondoo walikuwa wamekufa kwa kufungiwa mbali na malisho, asali haikuonekana, na habasoda ya maduka ya Garissa ilikuwa mbali kama Makka. Kibali cha kutoka kilitolewa kwa kubembeleza sana, na maumivu ya mzee hayakuwa sababu ya kumpa mtu kibali.

Ukabaki moto. Arbia alifundishwa na babake kuchoma viungo kwa msumari, na nusu ya watu wa ua ule walikuwa na alama zake. Goti la jirani yake Safiyo alilichoma yeye, na nyonga ya mzee Rage vilevile. Arbia mwenyewe alikuwa na kifundo cha mkono wa kulia kilichovimba miaka, na hakuwa amewahi kukigusa kwa moto. Watu walimtania kwamba tabibu anaiogopa dawa yake. Alijibu kwamba ugonjwa wake ni wa namna nyingine, na hakuna aliyemwamini.

Jumatano mchana akaupasha msumari ukawa mwekundu, akamchoma Olow mara mbili mbele ya bega, palepale alipoonyesha kwamba ndipo penye mzizi wa maumivu. Olow alitafuna shuka.

Asubuhi ya Alhamisi mkono wa kulia ulipanda hadi usawa wa sikio, na Arbia akamshukuru Mungu mapema mno. Jana yake jioni gari la serikali lilikuwa limepigwa risasi barabarani, na askari waliamini kwamba mmoja wa waliowashambulia alijeruhiwa akakimbilia huku. Wanaume wakaamriwa wavue mashati. Begani kwa Olow walikuta vidonda viwili vya mviringo, vyeusi katikati, nyama ya pembeni imevimba.

"Hivi ni nini?" koplo akauliza.

Kiswahili cha Olow kilikuwa "ndiyo" na "hapana", na kwa hofu alivisema vyote viwili. Wakamfunga mikono wakamwingiza kwenye hema la langoni. Lori la kesho asubuhi lingemchukua. Wanaume wanne walikuwa wamekwisha kuchukuliwa na lori hilo, hakuna aliyerudi, wala hakuna aliyejua aende kuulizia wapi.

Arbia alikuwa na Kiswahili chake cha kuuzia maziwa wajenzi wa barabara, kilichogeuza kila p kuwa b. Akajitanda shuka vizuri, akaenda langoni.

"Salaam aleikum, bwana koblo. Mimi bibi yake. Hiyo bega nimechoma mimi. Ni dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya mifuba. Wewe nasema mkono juu, yeye hawesi. Jana mimi nachoma, leo mkono imebanda kidogo."

Koplo alikuwa mtu wa sauti ya chini, na hiyo ilimtisha Arbia kuliko makelele. "Mama, niko kazini miaka kumi na moja. Hapo ndipo kitako cha bunduki kinapokaa. Huyu alikuwa na bunduki, akapigwa, nawe ukachoma kidonda ili kuificha risasi."

Hapo Arbia akaelewa alichokifanya. Angemchoma mgongoni, au nyuma ya bega, Olow angekuwa nyumbani sasa hivi anaomba chai. Yeye ndiye aliyeuweka msumari palipomhukumu mumewe, tena kwa mkono wa mapenzi. Alitamani ardhi immeze.

"Iko watu ingine nimechoma," akasema. "Goti ya Safiyo. Rage. Njoo ona."

"Makovu ya zamani hayanisaidii. Makovu hata mimi ninayo. Nataka kuona kidonda kibichi cha msumari wako, kwenye nyama isiyo na risasi."

Arbia akauliza kama anaweza kutumia moto wa jikoni kwao. Mpishi wa askari alikuwa anasonga ugali, akasogea bila kuelewa. Arbia akautoa msumari kwenye pindo la nguo, akauingiza kwenye makaa, akachuchumaa kuungoja. Koplo naye akaja, akasimama mikono nyuma.

Ulipoiva akaushika kwa kitambaa, mkono wa kushoto, akaugusisha kifundo cha mkono wa kulia. Mkono ukaruka wenyewe na msumari ukaanguka majivuni. Mpishi akacheka. Palibaki alama nyekundu tu, kitu cha kupona kwa siku mbili.

"Hiyo si kama yake," koplo akasema.

"Najua."

Akaupasha tena. Safari hii aliulaza mkono juu ya jiwe la meko, akaukandamiza kwa goti ili usimkimbie. Olow alikuwa ameuvumilia msumari kwa muda wa bismillahi tatu, zisizo za haraka. Arbia akaweka msumari, akasema ya kwanza. Ya pili aliisema kwa meno. Ya tatu hakuisikia mwenyewe, ila midomo ilicheza hadi mwisho, na ndipo akauinua. Kisha akachoma tena pembeni yake, maana vya Olow vilikuwa viwili. Mpishi alikuwa ameacha kucheka zamani.

"Kesho angalia hii na ile," akasema. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Kama iko sawa, nibe bwana yangu."

Koplo alikitazama kifundo kile. "Na isipokuwa sawa, utapanda lori pamoja naye."

Asubuhi lori lilikuja mapema, likasimama langoni likinguruma bila kuzimwa. Olow akatolewa hemani, shati likiwa mkononi. Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote. Alipouona mkono wa mkewe, umevimba hadi karibu na kiwiko, na vidonda viwili vyeusi juu yake, akamwendea. Koplo akawasimamisha bega kwa bega. Akabonyeza kidonda cha Olow kwa kidole gumba, akitafuta kitu kigumu chini. Akabonyeza cha Arbia, naye akaona giza. Akarudi kwa Olow. Dereva akapiga honi.

"Nenda zako," koplo akamwambia Arbia. "Mchukue. Na kesho nautaka mkono wake wa kulia juu."

Mkono wa Arbia haukupona kama alivyozoea kuponya watu. Ulitunga usaha na vidole vikakataa kukunjika, na mbuzi wanne waliobaki walihitaji kukamuliwa. Kwao ngamia hukamuliwa na wanaume, mbuzi ni kazi ya wanawake, na mwanamume anayechutama chini ya mbuzi hutaniwa hadi wajukuu zake warithi jina. Jioni ya siku ileile ya lori Olow alichukua chombo cha maziwa, akaenda uwanjani mahali panapoonekana na kila mtu, akachutama.

Bega lilimkaza. Mbuzi wa kwanza alimpiga teke, nusu ya maziwa ikamwagika. "Shika chini zaidi," Arbia akamwelekeza, ameketi mlangoni na mkono mapajani. Wanaume walikuwa wakipita kwenda kuswali. Rage, mzee wa mizaha kuliko wote, alipunguza mwendo, akaona, akatazama chini, akaendelea.

Olow alirudi na kikombe kimoja, akakishika mwenyewe mdomoni mwa mkewe kwa kuwa mkono wake wa kulia haukuweza, na kwao hainywewi kwa wa kushoto. Maziwa yalikuwa na manyoya na mchanga. Arbia aliyanywa yote, na hakumwambia.