Mama Mkwe Hakumbatiwi

"Wambugu, nisikize," Dorine aliniambia tukishuka kwa pikipiki pale Mogogosiek. "Mama yangu hakumbatiwi. Hata salamu ya mkono hakuna. Utasimama mbali, uinamishe kichwa, basi. Ukimgusa, Baba atasema huna adabu, na mimi na wewe tumeisha."

"Na akijileta mwenyewe?"

"Hawezi! Na mzaha wako uache kwenu Londiani."

Mimi natoka kwa watu wa kukumbatia. Kanisani kwetu unakumbatiwa mpaka shati linachomoka. Shuleni tulifundishwa kwamba kukumbatia kuna kazi nyingi: unakumbatia mtu, unakumbatia dini, unakumbatia mawazo mapya. Hakuna mwalimu aliyetaja mama mkwe. Kwa hivyo nilibeba gunia la viazi kifuani, ili mikono iwe na kazi.

Wazazi wa Dorine walikuwa kwenye banda la kupimia majani chai, na wachumaji wengine, wakingoja lori.

"Chamgei, Mama!" nikasalimia kutoka barabarani, kama mtu anayeuza magazeti. Wachumaji wakacheka. Baba hakucheka.

"Weka gunia chini, kijana. Hapa hakuna wezi."

Nikaweka. Mikono ikabaki hewani, haina kazi.

Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye majani. Dorine akakimbia nyumbani kuanua nguo, akaniacha. Mara mvua ya mawe ikaangukia mabati, watu wote wakajazana ndani. Kila nikirudi nyuma, nasukumwa mbele. Nikaishia kwenye nguzo, na Mama mbele yangu, karibu kabisa. Nikafumba macho.

Radi ikapiga mti wa blugamu ng'ambo ya barabara. Ukapasuka katikati, moshi ukatoka.

Mama akapiga kelele, akanirukia, akanikumbatia.

Niliinua mikono juu kama mtu aliyesimamishwa na polisi. Moyo wake ulikuwa unapiga kifuani mwangu, na wangu unaujibu. Juu ya kichwa chake nikaona macho ya Baba. Yalikuwa kwangu tu. Dorine nimempoteza, nikajiambia, na chai hata sijapewa.

Radi nyingine. Magoti ya Mama yakaisha nguvu, akaanza kuteleza. Chini ilikuwa simiti. Nikashusha mikono, nikamshika.

Baba akaja, akisukuma watu pembeni.

"Mshike vizuri," akasema. "Radi iliua dada yake kwa hili shamba la majani chai."

Tulikaa hivyo mpaka mawe yakapungua. Mama alipopata nguvu alijitoa, akajifunika uso na leso, akaondoka kwenye mvua bila kikapu chake cha kuchumia, bila kuniangalia.

"Utaleta kondoo," Baba akasema.

"Mimi? Mzee, lakini ni yeye ali—"

"Niliona. Bado utaleta. Hapa kwetu mkwe akigusana na mama mkwe, lazima kondoo achinjwe kuondoa mwiko."

Nikauliza, "Na kama bado si mkwe?"

"Mgeni? Mgeni tungemfukuza na rungu." Akageuka kuangalia lori likipanda kilima. "Ndugu zangu watakuja Jumamosi. Watataka kusikia kutoka kwako vile ulimshika. Wako saba, na hawapendi mchezo."

Nikajaribu kucheka. Meno yaligongana tu.