Nguzo ya Kona

"Mdogo wangu kaenda kutazama maporomoko na wenzake wa maabara," mke wa fundi alimwambia mumewe asubuhi ya Jumamosi, akimmiminia chai. "Anasema atapiga picha kwenye vyuma ulivyojenga kule juu, akuringie nazo."

Fundi wa kuchomelea alitua kikombe. "Wameondoka saa ngapi?"

"Saa moja. Kwani vipi?"

Alifunga kamba za viatu mlangoni, akawasha pikipiki. Alimpigia shemeji yake mara tatu njiani, hakupatikana. Msituni hakukuwa na mtandao, naye alilijua hilo, maana alikaa humo wiki mbili akijenga ukingo wa jukwaa la kutazamia maji.

Nguzo kumi na moja alizisimika kwa zege. Alipofika ya kumi na mbili, ile ya kona, saruji ilimwishia. Ilikuwa Ijumaa, mvua inanyesha, wasaidizi wameshateremka. Akaishindilia kwa mawe na udongo, akaipaka rangi ya kijani kama zile nyingine. Akaitikisa, ikatulia. "Jumatatu nitarudi," alijiambia. Jumatatu akapata kazi ya geti, kisha madirisha, na sasa ilikuwa miezi minane.

Aliiacha pikipiki chini ya mlima; njia ya miguu ilikuwa tope tupu. Alipanda akishika mizizi, ruba wakimganda miguuni asiwajali. Katikati ya mlima alikutana na mke na mume wakishuka.

"Mmepishana na kundi?"

"Wako mbele, wanapiga kelele kama kasuku."

"Na nyinyi, jukwaani, mliegemea ukingo?"

Walitazamana, wakampisha kama mtu anayempisha mwehu.

Alianza kukimbia. Mngurumo wa maji ulizidi kila kona, na alipotokeza kwenye miti akawaona: watu sita jukwaani, wamejipanga kwa picha. Shemeji yake, mwenye koti la mvua la njano, alikuwa karibu na kona.

"Tokeni hapo!"

Hata yeye mwenyewe hakuisikia sauti yake. Alipunga mikono miwili. Shemeji akamwona, akashangaa, kisha akacheka na kumpungia naye, akikata kiuno kwa mzaha. Mpiga picha akawaashiria kwa kiganja: nyuma, nyuma kidogo.

Ngazi za mbao zilikuwa kama arobaini. Aliteleza, goti likagonga, akainuka. Alimfikia shemeji, akamkamata koti na kumvuta kwa nguvu zote hata wakaanguka wote wawili mbaoni. Jamaa mmoja mnene aliyekuwa pembeni yake akashtuka, akajitupa nyuma kuegemea ukingo.

Nguzo iling'oka kama muhogo kwenye udongo laini.

Jamaa alibaki ameinama nje, mikono ikitafuta hewa. Wenzake wawili wakadaka begi lake la mgongoni, mikanda ikalia, wakamrudisha ndani. Kofia yake ilishuka ikizunguka hadi ikamezwa na ukungu wa maji.

Walirudi chini ya miti, mahali pa kusikilizana. Yule jamaa akamshika fundi mikono yote miwili.

"Kaka, Mungu amekuleta. Ulijuaje?"

Wote walimtazama kama malaika. Neno moja tu, "bahati", na angeshuka mlima shujaa.

"Nguzo ile niliisimika mimi," alisema. "Sikuweka zege. Nilijua."

Jamaa akaiachia mikono yake, kidole baada ya kidole. Hakuna aliyemtukana, na hilo likamuuma zaidi. Fundi akarudi jukwaani peke yake, akaziba ngazi kwa matawi na mkanda wa suruali yake.

Aliporudi wengine walikuwa wameshaanza kushuka. Shemeji yake tu ndiye aliyebaki, ameketi juu ya gogo.

"Ningekuwa mimi pale," alisema.

"Najua, shemeji."

"Hujui." Alisimama, akafunga koti lake hadi kooni. "Tangulia. Na dada utamwambia wewe mwenyewe, mimi nikiwa nimekaa hapo hapo nasikiliza."